Usipandishe dau kwa ajili ya jina la mnadishaji pekee
Nyumba za mnada za Sotheby's, iliyoanzishwa mwaka 1744, na Christie's, iliyoanzishwa mwaka 1766, huwavuta wakusanyaji kutoa dau kubwa kwa kuwa majina yao huchukuliwa kama uthibitisho kwamba kitu kinachonadiwa ni halisi na kwamba historia ya umiliki wake imechunguzwa. Hata hivyo, soma masharti ya mauzo kwanza: dhamana ya uhalisi ya Christie's, kwa mfano, kwa kawaida hudumu miaka 5 na huhusu tu maneno yaliyochapishwa kwa herufi kubwa katika maelezo ya katalogi, wala si hali ya kitu chenyewe. Kikomo chako cha matumizi kijumuishe pia ada ya mnunuzi, ambayo huongezwa juu ya dau lililoshinda (wengi huikumbuka wakiwa wameshashinda).