SOMO: "Kwao wanasema ni ndugu wa Henry Ford" – namna ya kuufuatilia uvumi huo hadi mwisho

Habari zenu. Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa dada aliyeolewa Cork. Wakwe zake wanasema Henry Ford, yule wa magari, ni mtu wa ukoo wao, na watoto wameshaanza kulisema shuleni. Kabla yake aliuliza kaka wa Manchester, na kabla ya huyo mama mmoja wa Boston. Nimechoka kuandika majibu yale yale inboksi, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Atakayeniuliza tena nitamrudisha kwenye somo hili.

Kwanza, yanayojulikana. Henry Ford alizaliwa Michigan, Marekani, tarehe 30 Julai 1863. Mwenye asili ya Ayalandi ni baba yake, William, aliyezaliwa mwaka 1826 karibu na Ballinascarthy, kijiji kilicho kati ya Bandon na Clonakilty, kaunti ya Cork. Babu yake, John Ford, alikuwa mkulima mpangaji kwenye kitongoji cha Madame. Ami wawili wa William, yaani Samuel na George, walitangulia Marekani mwaka 1832. John akafuata mwaka 1847 na mkewe Thomasina na watoto wao, katikati ya Njaa Kuu ya viazi. Walikuwa Waprotestanti, waumini wa Kanisa la Ayalandi. Yaandike haya pembeni, utayahitaji hatua kwa hatua.

Hatua ya 1. Iandike hadithi kwa maneno ya aliyeisema, usiisahihishe. "Ni ndugu wa Ford", "babu alikuwa wa Ford" na "walilelewa nyumba moja" ni habari tatu tofauti kabisa.

Hatua ya 2. Anza na aliye hai, panda juu kizazi baada ya kizazi. Usianzie kwa Ford ukashuka.

Hatua ya 3. Sensa za 1901 na 1911. Ziko bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi, na fomu yenyewe unaiona ilivyoandikwa kwa mkono. Usiishie kwenye majina. Ya 1911 ina safu inayosema mwanamke ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Mama akiandikiwa watoto tisa, hai sita, na wewe unao wanne tu kwenye mti wako, wawili wako mahali fulani, pengine Marekani. Safu ya dini isome kwa makini pia.

Hatua ya 4. Vyeti. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo kwa watu wote ulianza 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kusajiliwa mapema zaidi, Aprili 1845. Picha za madaftari ziko bure irishgenealogy.ie. Cheti cha ndoa ndicho chenye faida kubwa, maana kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao, hivyo karatasi moja inakupandisha kizazi kizima pande mbili. Na kwa sababu usajili ulianza 1864, cheti cha serikali cha kuzaliwa kwa William Ford hakipo wala hakijawahi kuwepo. Anayekuuzia anakuibia.

Hatua ya 5. Kumtambua mtu sahihi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo naomba usome polepole. Ukishavuka 1864 kurudi nyuma, unaingia kwenye nyaraka zenye majina matupu: John Ford, Samuel Ford, William Ford, kaunti nzima. Waayalandi wa zamani waliwapa watoto majina kwa desturi. Mtoto wa kwanza wa kiume alichukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kwa hiyo ndugu watatu waliozaliwa na John, kila mmoja akipata mtoto wa kiume, mna akina John watatu wenye umri unaokaribiana, na mara nyingi wanaishi vitongoji vinavyopakana. Jina peke yake halithibitishi kitu. Usiseme umempata mpaka mambo matatu yakubaliane: kitongoji, mke na dini.

Kitongoji ndicho kigumu zaidi. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, na juu ya kitongoji kuna parokia ya kiraia (mgawanyo wa kiutawala, si wa kanisa), parokia ya Kikatoliki yenye mipaka yake tofauti, baroni (eneo la zamani la kiutawala ndani ya kaunti), halafu wilaya ya usajili. Mtu wa Ballinascarthy ukimtafuta kwenye vyeti kwa jina la kijiji utamkosa, na utadhani hakuzaliwa. Mtafute chini ya Clonakilty, halafu Bandon.

Onyo la kwanza: watu huchukua kitabu cha kodi ya ardhi kiitwacho Griffith's Valuation, wanamkuta John Ford wa Cork, wanapiga vigelegele. Kitabu hicho kwa Cork kilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1850. Babu yake Henry aliondoka 1847. Huyo uliyemkuta si yeye! Anaweza kuwa jamaa yake, anaweza asiwe. Wa kabla ya safari watafute kwenye madaftari ya zaka ya miaka ya 1820 na 1830, Tithe Applotment Books.

Onyo la pili: daftari la Kikatoliki kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa likikupa ubatizo wa William Ford wa 1826, usishangilie. Familia hii haikuwa ya Kikatoliki.

Onyo la tatu: tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, jengo la hifadhi ya nyaraka pale Four Courts, Dublin, liliungua. Madaftari mengi ya Kanisa la Ayalandi yalikuwa yamehifadhiwa humo, na sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851 pia. Maktaba ya kanisa hilo, RCB Library ya Dublin, imeweka mtandaoni orodha ya parokia zote inayoonyesha kilichopona na kilichoteketea. Iangalie kabla hujalipa mtafiti atafute kitabu kilichogeuka majivu.

Hatua ya 6. Piga hesabu ya matawi. Henry alikuwa na mtoto mmoja tu, Edsel, aliyezaliwa 1893. Kwa hiyo asiyetokana na Edsel hatokani na Henry. William alihama akiwa kijana, kabla ya kuoa, na wazazi na ndugu zake walihama naye. Familia iliyobaki Ayalandi siku zote ikiwa ina damu hiyo, basi imeipata kwa ndugu wa John, au juu zaidi, au upande wa Thomasina. Chora hilo kwenye karatasi ndipo ujue unamtafuta nani.

Hatua ya 7. Kipimo cha DNA, kiwe cha mwisho. Mpime mzee kuliko wote katika ukoo, si mtoto. Binamu wanaokutana kwa babu wa tano nyuma, karibu nusu yao hawaonekani kabisa kwenye vipimo ingawa ni ndugu kweli. Ukikosa, hujakanushwa.

Maswali chini.

---

Kipepeo77: Kaka naomba unitafutie, jina la mume wangu ni Forde, kwao Galway. Nahitaji kabla ya Jumapili tuna sherehe.

Mwandishi: Hatua ya 2.

Kipepeo77: Sijaelewa. Si jina ni lile lile?

Mwandishi: Si lile lile. Ford na Forde wa Ayalandi wametoka kwenye majina kadhaa ya Kigaeli yasiyohusiana. Wa Galway kwa kawaida ni "Mac Giolla na Naomh" (hilo ni jina moja), wa upande wa Cork wengine ni Ó Fuaráin, na wapo walowezi wenye asili ya Uingereza. Umesoma somo lote?

Kipepeo77: Mbona mkali hivyo, tumeuliza tu.

Mwandishi: Dada, mume ana mama yake na shangazi zake. Waulize babu yao alizaliwa kitongoji gani, wewe uje na jina hilo, nami nitakaa na wewe hadi mwisho. Bila hilo sina pa kushika.

MkweWaCork: Shikamoo mwalimu. Upande wetu si Ford, ni Ahern wa Cork mjini. Bibi mkwe anasisitiza kabisa kwamba mtu wao "alimlea mama yake Ford". Nilidhani ni porojo nikaona aibu kuuliza.

Mwandishi: Marahaba. Umefanya vizuri mno kuuliza, hili ndilo swali bora nililopata. Mama yake Henry aliitwa Mary Litogot. Alibaki yatima, akalelewa Michigan na Patrick O'Hern na mkewe Margaret. Huyo Patrick alikuwa mtu wa Fair Lane, Cork mjini, na jina lake utaliona pia likiandikwa Ahern. William Ford alifika kwao kama mfanyakazi, akamwona Mary, wakaoana 1861. Henry alimpenda sana babu huyo wa kulea, hata nyumba yake kubwa ya Dearborn akaiita Fair Lane. Kwa hiyo hadithi ya bibi mkwe inaweza kuwa kweli kabisa, ila ni undugu wa malezi na DNA haitauona. Tafuteni ubatizo wa akina Ahern kwenye parokia za Kikatoliki za Cork mjini, kisha mlinganishe na Patrick. Tena mrekodini bibi kwa simu leo, akisimulia bila kukatizwa. Muulize nani alimwambia.

MkweWaCork: Nimetetemeka. Nampigia jioni hii.

Tausi: Kuna tovuti tumeingiza majina matatu ikatuletea mti kamili hadi kwa Ford. Si tumemaliza?

Mwandishi: Hapana. Ni miti ya watu walionakiliana. Fungua kila kiungo, uliza karatasi iko wapi. Penye kuungana na Ford mara nyingi hakuna karatasi.

Abuu_Dublin: Mimi nina jambo la ajabu. Bibi mmoja sensa ya 1901 ana miaka 56, ya 1911 ana 73. Ni watu wawili?

Mwandishi: Inaelekea ni huyo huyo, na una jicho zuri. Sheria ya pensheni ya wazee ilipita 1908, malipo yakaanza Januari 1909, shilingi 5 kwa wiki kwa aliyefikisha miaka 70. Wengi hawakuwa na cheti, kwa kuwa walizaliwa kabla ya 1864, na ghafla nchi nzima ikazeeka zaidi ya miaka kumi ndani ya miaka kumi. Linganisha mume, watoto na kitongoji. Halafu kuna zawadi: ili kuthibitisha umri, maofisa walitafuta majina ya waombaji kwenye sensa za 1841 na 1851 wakati bado zipo. Fomu za utafutaji huo zimesalia, na Hifadhi ya Taifa imeziweka mtandaoni. Wazazi wa bibi huyo unaweza kuwakuta humo, kutoka kwenye sensa iliyoungua.

Abuu_Dublin: Allah akujaalie kheri. Nyongeza kwa wengine: mimi nimekuta mtoto kabatizwa wiki mbili kabla ya "kuzaliwa".

Mwandishi: Naam. Waliochelewa kusajili walitozwa faini, wakasogeza tarehe mbele. Amini ubatizo.

Mjukuu_Dagenham: Kwetu wanasema "babu alikuwa wa Ford", na picha tunayo amesimama mbele ya kiwanda. Jina la ukoo ni jingine kabisa.

Mwandishi: Rudi hatua ya 1, nadhani jibu unalo mkononi. Ford alianzisha kampuni Cork mwaka 1917, trekta za Fordson zikaanza kutoka 1919, na kiwanda cha pale Marina kikafungwa 1984. Kiwanda cha Dagenham, mashariki mwa London, kilianza kazi 1931, na wanaume wengi wa Cork walihamia huko. Wakirudi likizo na suti mpya, watu wa Cork wakawabandika jina la Dagenham Yanks, yaani "Wamarekani wa Dagenham". Vizazi viwili baadaye "wa Ford" ya kazini inageuka "wa Ford" ya damu, bila mtu yeyote kudanganya. Geuza picha uone nyuma kama kuna mhuri wa mpiga picha au mwaka. Familia iliyolisha watoto kwa kazi hiyo ina historia yake kamili, ifuatilieni.

Tausi: Sawa, nimerudi. Karatasi haipo, kiungo cha John na "kaka yake" hakina chanzo chochote. Nifanyeje?

Mwandishi: Vizuri umeangalia. Kata tawi hapo, andika "haijathibitishwa", kisha soma madaftari ya zaka ya vitongoji vyote vinavyopakana na Madame, si kimoja. Orodhesha kila Ford.

Mzee_wa_Makaburi: Niongeze la makaburini. Msipake unga wala chaki kwenye mawe ili yasomeke, mnayaharibu. Nendeni asubuhi au jioni jua likiwa chini, au mmulike tochi kutoka ubavuni, maandishi yanajitokeza. Na mpige picha makaburi ya jirani pia, watu walizikwa kiukoo.

Mwandishi: Ahsante mzee. Kwa walioko Michigan: makaburi ya familia ya Ford yako Detroit, penye kanisa la Mtakatifu Martha, na Henry mwenyewe alizikwa hapo 1947. Mkienda, pigeni picha kila jiwe lenye jina la Ford, pande zote mbili.