Kusimamia huduma ya ulinzi kwa watu wazima walio katika hatari ya kunyanyaswa

Ugumu wa kazi hii unatokana na jambo moja: anayelindwa ni mtu mzima. Mtoto akiwa hatarini, sheria huwapa wengine mamlaka ya kumwamulia. Lakini mzee wa miaka 80, mtu mwenye ulemavu wa akili au mgonjwa aliyelala kitandani kwa miaka bado ana haki ya kukataa msaada, ya kuchagua wa kuishi naye, na hata ya kufanya uamuzi ambao wewe unauona si wa busara. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, umeyabeba mambo yote mawili: ibara ya 12 inatambua usawa wao mbele ya sheria, na ibara ya 16 inazitaka serikali ziwakinge dhidi ya unyonyaji, ukatili na unyanyasaji. Msimamizi wa huduma ya ulinzi hufanya kazi kati ya ibara hizo mbili, na asiposhika zote kwa pamoja atamwacha mtu mikononi mwa anayemtesa, au atamnyang'anya uhuru wake kwa nia njema.

Kupokea taarifa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, mmoja hukumbana na aina fulani ya unyanyasaji katika jamii ndani ya mwaka mmoja. Wachache sana kati yao huja kulalamika wenyewe, kwa sababu anayewaumiza mara nyingi ndiye anayewaogesha, anayewalisha na anayeshika ufunguo wa mlango. Kwa hiyo jenga huduma yako ukitegemea macho ya wengine: jirani, muuguzi, karani wa benki anayemwona mzee yuleyule akiletwa kila mwezi kutoa fedha huku mtu mwingine akizihesabu. Wajulishe watu hao kwamba hawatakiwi kuleta ushahidi, wasiwasi wenye sababu unatosha.

Fomu ya mapokezi iwe fupi. Iulize kilichoonekana au kusikika, lini, na nani. Nani wanaishi na mhusika. Kama mtuhumiwa anajua kwamba taarifa imetolewa. Na ni saa ngapi mhusika hupatikana akiwa peke yake. Swali hili la mwisho husahaulika, nalo ndilo huamua kama ziara ya kwanza itafaa kitu. Aina za unyanyasaji ziorodheshwe ili mpokeaji asiishie kwenye vipigo tu: uko wa mwili, wa kingono, wa kisaikolojia, wa mali na fedha, kutelekezwa, na katika huduma nyingi pia mtu kushindwa kujitunza mwenyewe.

Baada ya kupokea, mpokeaji ajiulize: je, mtu huyu atalala salama usiku wa leo? Kama jibu ni hapana au halijulikani, shauri halingoji kikao; polisi au huduma ya dharura ya afya huitwa saa hiyohiyo. Kwa mashauri mengine, weka muda kwa maandishi. Maneno "haraka iwezekanavyo" yasionekane popote katika utaratibu wako, kwa kuwa kila mtumishi huyapima kwa wingi wa kazi iliyo mezani kwake. Andika saa na siku.

Ziara ya kwanza na uwezo wa kuamua

Zungumza na mhusika faraghani. Hakuna kanuni inayovunjwa kirahisi kama hii, maana wenyeji huwa wakarimu na afisa huona aibu kumwomba mtoto wa mama mwenye nyumba atoke nje. Chukua mfano wa mama anayeulizwa kama amelala vizuri, naye kabla ya kujibu anamtazama mwanawe, na mwanawe anasema, "Mama amelala vizuri tu." Afisa aliyezoea kazi ataandika mtazamo ule, kisha atatafuta njia ya kawaida ya kubaki na mama peke yake. Akihitajika mkalimani, awe wa lugha ya alama au nyingine yoyote, asitoke katika familia hiyo.

Swali la uwezo wa kufanya maamuzi huchanganya hata wenye uzoefu. Sheria ya mwaka 2005 inayotumika Uingereza na Wales inatoa mwelekeo unaofaa kufikiriwa popote: kila mtu mzima anachukuliwa kuwa na uwezo mpaka ithibitike vinginevyo, na uamuzi usio wa busara peke yake si dalili ya kukosa uwezo. Uwezo hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja na kwa wakati wake. Mtu aliyeshindwa kuelewa mkataba wa kuuza nyumba anaweza kabisa kueleza asubuhi, akiwa ametulia, kwamba hataki mpwa wake amguse tena. Afisa asiandike "hana uwezo". Aandike ni uamuzi gani, maelezo gani alipewa, kwa njia gani, na alijibu nini. Yule mwenye uwezo akikataa msaada, heshimu jibu lake, mwachie njia ya kukupata ambayo mtuhumiwa hataiona, na umwombe ridhaa ya kurudi.

Kuandika

Soma majalada ya watumishi wako kila wiki, kwa kuwa jalada ndilo litakalozungumza mahakamani na ndilo atakaloanzia afisa mwingine. "Mzee anaonekana amepigwa" ni hukumu. "Alama tatu za kuvilia damu, upande wa ndani wa mkono wa kulia juu ya kiwiko, kila moja ukubwa wa ncha ya kidole, mhusika amesema, 'Alinivuta niinuke'" ni ushahidi. Maneno ya mhusika yaandikwe kama alivyoyatamka, hata yakiwa na matusi.

Mpango wa ulinzi

Itisha kikao cha shauri, mwalike mhusika au msemaji aliyemchagua, na kwanza muulize yeye anataka nini kibadilike. Wengi hawataki mtoto wao afungwe; wanataka apungue ukali na kadi ya benki irudi. Kila hatua iwe na jina la mtekelezaji na tarehe, na kila taasisi ipewe habari zile tu inazohitaji kutimiza sehemu yake. Usisahau pia kwamba baadhi ya watuhumiwa ni walezi waliochoka kupita kiasi, wasiolala usiku kwa miezi mingi. Kwao mapumziko na msaidizi wa zamu vinaweza kuzuia madhara kuliko onyo. Hilo haliwahusu wanaotesa kwa makusudi au kwa tamaa ya mali, na kazi ya tathmini ni kuwatofautisha.

Mtuhumiwa akiwa mtumishi wa kituo cha matunzo, aondolewe kwanza kwenye zamu za kumgusa mhusika bila kuhukumiwa, na kituo kisiachiwe kujichunguza chenyewe. Hifadhi mapema ratiba za zamu na kumbukumbu za dawa. Mwaka 2011 nchini Uingereza, kamera iliyofichwa ya wanahabari ilifichua mateso ya wagonjwa wenye ulemavu wa akili katika hospitali ya Winterbourne View, ingawa muuguzi mmoja alikuwa amekwisha kulalamika bila kusikilizwa na taarifa nyingine zilikuwa zimefika kwa polisi na kwa mamlaka ya ustawi. Watumishi 11 walihukumiwa mwaka uliofuata. Zile taarifa zilishughulikiwa moja moja, kila moja ikionekana ndogo. Ndiyo maana daftari la taarifa lipangwe pia kwa anwani na kwa jina la kituo, nawe ulipitie hivyo kila mwezi.

Kufunga shauri

Shauri lisifungwe kwa sababu simu hazipokelewi wala kwa sababu familia imesema mambo yametulia. Afisa arudi bila kutoa taarifa, katika saa tofauti na ya ziara zilizotangulia, aulize maswali yaleyale faraghani, na aombe kuonyeshwa kitu kinachoshikika: ufunguo ulio mkononi mwa mhusika, taarifa ya benki iliyo kwa jina lake, dawa zilizopungua kwa hesabu sahihi. Sababu ya kufunga iandikwe, isainiwe na msimamizi, na mhusika aelezwe kwa maneno yake jinsi ya kulifungua upya.