Somo: Kukuza seli T za binadamu zidumu wiki kadhaa maabara

Wakuu, seli T (chembe nyeupe za kinga) ukizitoa kwenye damu ukaziacha kwenye midia tupu, yaani majimaji ya lishe, nyingi hufa ndani ya siku chache hata kama sukari ipo ya kutosha. Zinachokosa ni ishara ya kuendelea kuishi. Mwaka 1976 Morgan, Ruscetti na Gallo, Marekani, walipata majimaji yaliyozikuza kwa muda mrefu. Kiini chake leo ndicho IL-2 (interleukini-2), protini inayozipa ishara hiyo.

1. Damu ichanganywe na bafa (maji ya chumvi yenye pH thabiti) nusu kwa nusu, imwagwe taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha seli, ya densiti 1.077. Sentrifuji 400 g (mara 400 ya nguvu ya mvutano), dakika 30, breki imezimwa, la sivyo tabaka zitavurugika. Vuna utando mweupe wenye seli T, osha mara mbili.

2. Midia: RPMI 1640 (lishe ya dukani), seramu 10%, glutamini (asidi amino). Inkubeta nyuzi 37, CO2 5%.

3. Ziamshe kwa shanga zenye kingamwili za CD3 na CD28 (protini za usoni mwa seli T), shanga moja kwa seli moja, pamoja na IL-2 uniti 50 hadi 100 kwa mililita.

4. Kazi yenyewe iko hapa. Hesabu kila baada ya siku 2 au 3, ukitenga zilizokufa kwa trypan blue (rangi inayoingia seli zilizokufa tu), na ubaki kati ya seli 500,000 na 2,000,000 kwa mililita. Zikiwa chache mno hudorora. Zikisongamana midia huwa njano, na hapo umeshachelewa. Kila ukiongeza midia weka IL-2 mpya, maana seli huimaliza.

5. Zikisinyaa na kuacha kugawanyika, ndipo uziamshe tena. Msiwe na pupa: kila kuamshwa huzisogeza kwenye uchovu, na telomea (ncha za kromosomu) hufupika kadiri zinavyogawanyika. Binafsi napendelea IL-7 na IL-15, protini za ishara kama IL-2, hutunza vizuri seli za kumbukumbu.

6. Gandisha akiba mapema: seramu 90%, DMSO 10% (huzuia barafu kupasua seli), shusha nyuzi 1 kwa dakika hadi -80, kisha nitrojeni ya kimiminika.

MASWALI

Mkuu, neutrofili zangu (chembe nyeupe za aina nyingine) hazifiki hata kesho kutwa, niongeze IL-2?
— Utaimaliza bure. Zile zimeshakomaa, hazigawanyiki tena.

Hakuna namna seli zisife kabisa?
— Kwa seli B (chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili) ipo: virusi vya Epstein-Barr, vilivyoonekana mwaka 1964 kwenye seli za uvimbe wa Burkitt kutoka Uganda. Seli T hupandikizwa jeni ya telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha telomea, ila kagua kromosomu mara kwa mara.

Naweza kutumia damu yangu mwenyewe?
— Usithubutu, hasa ukitumia virusi hivyo vya Epstein-Barr. Ukijichoma sindano yenye seli zako zilizobadilika, mwili hautazitambua kama ngeni.