Kabla hujainunua pikapu iliyooza, lala chini uitazame

Kazi yangu ni kuchomelea, hapa Wete, Pemba. Watu wakishapokea fedha zao za karafuu, au kijana akirudi likizo kutoka Maskati na riyali zake mfukoni, hamu inayowapanda wengi ni ya gari kuukuu. "Ami, kuna Land Rover pikapu nimeiona Konde, imelala tu uwanjani, mwenyewe anaitoa kwa bei ya bure. Twende ukanitazamie." Nikiuliza ameona nini cha maana, jawabu ni ile ile: injini inawaka. Au haiwaki, lakini ati "ni betri tu".

Injini isikushughulishe. Injini hutolewa kwa mnyororo kwenye tawi la muembe, ikatiwa nyengine. Anayenunua pikapu ya zamani ananunua vitu viwili: chesisi, ule mfupa wa chuma wa chini unaobeba gari yote, na kadi ya usajili. Hivyo vikiwa vizima, mengine yote yana dawa, hata yakichukua miaka. Kimoja kikiwa kibovu, umenunua chuma chakavu, na chuma chakavu huuzwa kwa kilo.

Ukiniuliza ipi ya kutafuta, baina ya Datsun 1200, Hilux za miaka ya 70 na Peugeot 404 zilizobaki moja moja, mimi nakwambia Land Rover ndefu, ile ya inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Sababu yangu ni ya fundi bodi. Mabati yake yamenyooka, mengi yamefungwa kwa nati na riveti, unaweza kuivua kipande kipande kwa spana ukaipanga ukutani. Bati la Mjapani limepigwa chapa kiwandani, lina mikunjo na mibonyeo. Likioza, fundi wa kulikunja upya kwa nyundo likapendeza ni wa kutafutwa kwa tochi. Kwa injini Hilux ni bora, sibishani na mtu.

Dalali atakwambia kila Land Rover ni "ya mkoloni". Chungulia dashibodi. Mita zikiwa katikati, mara nyingi ni Series II, iliyoanza 1958, au IIA, iliyoanza 1961. Zikiwa mbele ya dereva, hiyo ni Series III ya baina ya 1971 na 1985, na mkoloni keshaondoka tangu 1963. Kwa mtu anayeanza, chukua Series III. Gia zake zote nne za mbele huingia kwa ulaini. Hizo za kabla yake, ya kwanza na ya pili zinamtaka dereva anayejua kusikiliza injini.

Neno la pili la dalali: "Hii haishiki kutu, bodi yake aluminiamu." Hapo kasema nusu. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kwa mgao, aluminiamu ndiyo iliyopatikana. Lakini chesisi ni chuma. Ukuta wa mbele, ulio baina ya injini na miguu ya dereva, ni chuma. Fremu za milango ni chuma. Na kila palipogusana aluminiamu na chuma pakaingia maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Rangi huvimba malengelenge, ukiikwangua unakuta unga mweupe, na pengine ukibonyeza kwa dole gumba bati linapasuka. Si kutu, kweli, lakini tundu ni tundu.

Kwa sababu hiyo sumaku ina mahali pake. Kwenye Datsun au Toyota, ipitishe juu ya madigadi na vizingiti vya milango. Pasiposhika, chini yake pana puti, ule uji wa kufichia matundu ya bati. Kwenye Land Rover haishiki bodi hata gari ingekuwa imetoka kiwandani jana. Kijana mmoja wa Mtambile alikwenda na sumaku yake, akarudi kaghadhibika: "Ami, yule mzee mwizi, gari nzima kaipaka puti!"

Kabla hujagusa chochote, msalimu mwenye gari, kaa naye, umuulize ilikuwa ikibeba nini. Suala hili linafaa kuliko yote, na watu hulijibu kwa ukweli kwa kuwa hawajui kwa nini unauliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Chombo hiki kimefanya kazi, mashaallah. Kilikuwa kikibeba nini?"

"Aa, kila kitu. Matofali, kuni, mihogo."

"Na Tumbe kilikuwa kikifika?"

"Kila alfajiri, mwanangu! Samaki wote wa huku nikileta mimi."

Hapo unashukuru, unakunywa kahawa yako, unaondoka. Maji ya samaki na barafu yamechuruzika kutoka bodi ya nyuma hadi ndani ya chesisi alfajiri baada ya alfajiri. Gari ya mwani mbichi ni hivyo hivyo. Gari iliyobeba chumvi, hata usiteremke kwenye pikipiki. Unayoitaka ni gari ya karafuu. Karafuu zikirowa mtu amepata hasara, basi mwenye gari huitafutia turubali na banda, na gari hupata bahati ya mzigo wake.

Sasa lala chini. Nenda asubuhi, na jamvi bovu, tochi, nyundo ndogo, bisibisi nene, chaki, brashi ya waya na miwani, maana vumbi la kutu likikuingia jichoni siku imeharibika. Land Rover iko juu, huna haja ya kuinyanyua. Ukilazimika, weka magogo, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Chesisi hii ni boksi refu lililochomelewa kwa mabati ya chuma ya kama milimita 2, ndani tupu. Tope na maji huingia humo yakakaa, kutu ikaanza ndani ikija nje. Ndiyo maana macho hayatoshi. Tena ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mpya, usifurahi, jiulize kwa nini mtu apake rangi chini ya gari anayoitoa kwa bei ya bure.

Anzia nyuma, kwenye boriti inayofunga mwisho wa chesisi. Gonga, sogea upana wa kiganja, gonga tena. Chuma kizima kinalia kwa ukali na nyundo inakurukia mkononi. Kilichooza kinatoa sauti ya mfu, nyundo inabaki pale pale, na ukitulia utasikia magamba ya kutu yakimwagika ndani ya boksi. Hapo tia alama ya chaki, kisha sukuma bisibisi. Ikizama, zungushia duara. Gonga na pande za juu, si chini tu, maana tope hukaa pia baina ya chesisi na bodi.

Halafu njoo kwenye vishikio vya springi, vinne nyuma, vinne mbele. Hapa usione haya, gonga kwa nguvu. Uzito wote wa gari na mzigo uko hapo. Kisha mikono inayotoka ubavuni kubeba ukuta wa mbele na tangi la mafuta. Mikono kuoza ni kawaida, na boriti ya nyuma pia. Zote hukatwa na kubadilishwa na fundi wa wastani. Boksi lenyewe likiwa limeoza karibu na vishikio vya springi, tena pande zote mbili, iache. Uingereza bado wapo wanaotengeneza chesisi mpya za gari hizi, zimechovywa zinki, nzuri mno, lakini piga hesabu ya meli na ushuru hadi ifike bandari ya Mkoani ndipo uniambie.

Tafuta na viraka. Kuna wenzangu, Mungu atusamehe, wanaobandika bati zima juu ya bati bovu bila kukata. Utakijua kiraka hicho kwa ukingo wake: mshono umekaa juu kama ushanga, na pembeni yake kutu imeshatokeza upya. Kiraka cha namna hiyo kihesabu ni tundu.

Ukitoka chini, fungua milango. Inua zulia kama lipo, utazame pale dereva na abiria wanapoweka miguu, na chini ya nguzo za milango, hapo ndipo ukuta wa mbele huanza kuliwa. Gonga na pembe za juu chini ya kioo. Ukuta unatengenezeka, lakini ni kazi ya taratibu: ukiuchomelea ukaenda upande, milango haitafunga tena maisha. Milango yenyewe hoja yake ndogo.

Kisha sugua kwa brashi kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia. Hapo ndipo namba ya chesisi ilipopigwa. Iandike kwenye karatasi, isome na mwenzako, ndipo uiombe kadi. Tarakimu zikitofautiana hata moja, mazungumzo yamekwisha. Palipoliwa na kutu hata namba haisomeki, au paliposagwa kwa grenda, vilevile.

Kadi ina fitina kuliko kutu. Gari nyingi za umri huu ni za marehemu. Anayekuuzia ni mjukuu, na gari ni mali ya mirathi, kila mrithi ana fungu lake, wanawake na wanaume. Mmoja yuko Maskati, mwengine Dar, na kuna shangazi Kengeja hajui hata kama gari inauzwa. Namjua mtu aliyeipeleka gari hadi rangi ya mwisho, siku anaitoa barabarani shangazi akatokea na madai yake. Dai warithi wote waridhie kwa maandishi, au mirathi iwe imeshapita Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Baada ya hapo andikianeni kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na mashahidi wawili wasiokuwa ndugu wa muuzaji. Gari isiyo na namba ya Z ya Zanzibar, yenye namba ya T ya Bara, usilipe hata kishika uchumba kabla hujaulizia Mamlaka ya Mapato Zanzibar inatakiwa ipite njia gani.

Haya, injini, kwa ufupi. Utakuta ya lita 2.25, ya petroli au ya dizeli. Ikiwa imelala miaka, usiipige stata wala usiivute kwa gari nyengine. Tia hendeli mbele, izungushe kwa mkono. Ikigoma, fungua plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo kwenye kila tundu, iache siku kadhaa, ujaribu tena pole pole. Ya dizeli isiyowaka asubuhi pengine haina ugonjwa mkubwa: plagi zake za kupasha moto zimeungwa kwa mfululizo, moja ikifa zote zimekufa. Hilo usimsomeshe muuzaji kabla hamjapatana bei.

Bei sasa. Hesabu alama zako za chaki. Kila moja itie bati lake, rodi zake na siku za fundi, ujumlishe, umuoneshe mwenye gari karatasi. Wazee wengi wakiona alama nyeupe zimejaa chini ya gari yao hulegea wenyewe bila ya maneno makali. Kawaida yangu nawaambia watu wagawe fedha zao mafungu matatu. Bei ya kuinunua gari ikizidi fungu moja, haifai, maana mawili yaliyobaki yatakwenda kwenye chuma, na umeme na mipira bado.

Ipakie kwenye lori, usiiendeshe kuja nayo. Mabomba ya breki yanapita juu ya chesisi hiyo hiyo iliyooza, na milima ya Pemba unaijua.

Ikifika, kwanza tangi la mafuta litoke, lipelekwe mbali na uwanja, hata kama ni tupu. Tangi tupu la petroli limejaa mvuke, na cheche moja inatosha. Betri ifunguliwe. Chesisi ikae juu ya magogo yaliyosawazishwa kwa pima maji, kisha pima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, huku na huku, uandike vipimo. Ndipo ukate, upande mmoja kwanza, hadi ufikie chuma kinachong'aa, uchomelee kipande kipya, upime tena, uende upande wa pili. Anayekata pande zote siku moja hupata gari inayotembea kimshazari kama kaa.

Kazi hii fanya kaskazi ikivuma, mvua zimetulia. Wakati wa masika chuma ulichokisugua alasiri utakikuta asubuhi kimeshakuwa chekundu. Hata kaskazi, ulichosugua leo kipake praima leo. Ndani ya boksi mimina oili chafu kwa mpira mwembamba, uinamishe gari mbele na nyuma ienee, lakini baada ya kuchomelea mshono wa mwisho tu, kwa sababu oili hiyo ikipata moto wa rodi inawaka na hakuna pa kuizimia. Na yale matundu madogo yaliyo chini ya chesisi usimruhusu fundi wa rangi kuyaziba kwa puti. Ni ya maji kutokea.