Somo: Namna ya kupata saa za chekechea zinazolipiwa na serikali nchini Uingereza

Ndugu wanachama, somo hili ni la wazazi wenye watoto ambao hawajaanza shule, nalo linahusu England peke yake, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Nimeliandika kwa sababu inaniuma kuona familia zetu zikilipa ada nzima, au zikimweka mtoto nyumbani, kwa kudhani kwamba haki hii ni ya raia tu.

Hatua ya kwanza ni kutambua fungu la mtoto wako. Kila mtoto wa miaka 3 au 4 ana saa 15 kwa wiki kwa wiki 38 za mwaka, yaani saa 570, bila kuangalia kazi wala kipato cha wazazi. Wazazi wanaofanya kazi wanaweza kupata saa 30, na tangu Septemba 2025 saa hizo hutolewa kuanzia mtoto wa miezi 9. Sharti lake ni kwamba kila mzazi aliyemo nyumbani awe na pato lisilopungua la saa 16 kwa wiki kwa kima cha chini cha mshahara, na asizidi pauni 100,000 kwa mwaka. Aliyejiajiri ambaye biashara yake haijatimiza mwaka hadaiwi kiwango hicho cha chini. Liko pia fungu la saa 15 kwa watoto wa miaka 2 ambao familia zao hupokea baadhi ya misaada ya serikali, nalo huombwa kupitia halmashauri ya mahali mnapoishi.

Hatua ya pili ni kalenda, na hapa ndipo wazazi wengi wanapopoteza muhula mzima. Mtoto haanzi siku anapotimiza umri, bali katika muhula unaofuata. Aliyezaliwa kati ya Januari 1 na Machi 31 huanza muhula wa Aprili. Wa Aprili 1 hadi Agosti 31 huanza Septemba. Na wa Septemba 1 hadi Desemba 31 huanza Januari. Kwa hiyo watoto wawili waliopishana siku moja tu, mmoja wa Machi 31 na mwingine wa Aprili 1, hupishana miezi kadhaa katika kuanza. Kwa saa za wazazi wanaofanya kazi, ombi lenyewe nalo lina mwisho wake: Machi 31, Agosti 31 au Desemba 31, kabla ya muhula unaoutaka. Usingoje wiki ya mwisho, kwa maana wakati mwingine ofisi ya kodi huomba ushahidi zaidi na jibu likakawia.

Hatua ya tatu ni kuomba katika tovuti ya GOV.UK, ukiwa na Namba ya Bima ya Taifa. Ukikubaliwa utapewa msimbo wa tarakimu 11, ambao utaupeleka chekechea pamoja na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Saa 15 za kila mtoto wa miaka 3 na 4 hazihitaji msimbo. Huombwa chekechea moja kwa moja.

Hatua ya nne ni kutafuta nafasi, nayo ianze mapema, kwa sababu msimbo hauwalazimishi walezi kukupa nafasi wasiyokuwa nayo. Uliza kama saa zinaweza kusambazwa mwaka mzima: saa 30 kwa wiki 38 ni saa 1,140 za mwaka, nazo zikigawanywa kwa wiki 52 hubaki takriban 22 kwa wiki, jambo linalomfaa mzazi asiye na likizo ya shule.

Hatua ya tano ni kuthibitisha upya taarifa zako kila baada ya miezi 3. Andika tarehe hiyo mahali unapopaona kila siku.

Maswali ya wanachama

Swali: Assalaam aleikum. Mume wangu yuko hapa kwa viza ya kazi isiyoruhusu fedha za umma, yaani baadhi ya misaada ya serikali, nami ni tegemezi wake. Mtoto wetu anatimiza miaka 3 mwezi wa Novemba. Je, tukiomba tutaharibu viza?

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Saa 15 za mtoto wa miaka 3 hazihesabiwi kuwa fedha za umma, hivyo haziigusi viza yenu, na mtoto ataanza Januari. Zile 30 ndizo zinazohitaji angalau mzazi mmoja awe raia wa Uingereza au Ireland, awe na ukaazi chini ya mpango wa raia wa Ulaya, au awe na ruhusa ya kupata fedha za umma.

Swali: Bibi yake mtoto ndiye anayemlea nikiwa kazini. Je, anaweza kulipwa kwa saa hizi?

Jibu: Hapana. Saa hutumika kwa chekechea, shule au mlezi wa nyumbani aliyesajiliwa, na hata mlezi aliyesajiliwa halipwi kwa mtoto wa jamaa yake. Mnaweza kugawana: asubuhi chekechea, mchana kwa bibi.

Swali: Chekechea inatutoza chakula, nepi na safari, na tumeambiwa tusipolipa mtoto hana nafasi. Ni halali?

Jibu: Kutoza vitu hivyo kunaruhusiwa, lakini malipo lazima yawe ya hiari na hayawezi kuwa sharti la kupata saa za bure. Ombeni ankara inayotenganisha saa za serikali, saa za ziada na kila gharama nyingine, kisha muulize kama mnaweza kuleta chakula na nepi zenu. Wakikataa, iandikieni idara ya malezi ya watoto wadogo katika halmashauri yenu, mkiambatanisha ankara hiyo.

Swali: Na mtu akipoteza kazi katikati ya muhula?

Jibu: Kuna kipindi cha nyongeza ambapo mtoto huendelea na nafasi yake huku ukitafuta kazi nyingine. Zile saa 15 za miaka 3 na 4 hazipotei kabisa.