Kuzuia cheni isikate spoku za nyuma: anza na sikio, skrubu baadaye

Ukipanda mlima wa Pugu unavuta gia nyepesi kabisa huku unakanyaga kwa nguvu zote. Hapo ndipo cheni huruka gia kubwa ya friwili (lile fungu la gia za gurudumu la nyuma) na kuangukia upande wa spoku. Ikinasa inachuna spoku za kulia karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Mkono wa gia, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni, ukiingia nao, gurudumu linagoma ghafla na mwendeshaji anaweza kuanguka mbele ya daladala. Kwa hiyo kazi hii usiiahirishe.

Hatua ya 1: kagua sikio, yaani kile kipande kinachoshika mkono wa gia kwenye fremu. Simama nyuma ya baiskeli. Vigurudumu viwili vidogo vya mkono wa gia viwe mstari mmoja na gia iliyo juu yake. Cha chini kikielekea kwenye spoku, sikio limepinda, mara nyingi kwa sababu baiskeli iliangukia kulia. Mafundi wengi hukimbilia bisibisi hapa, na mteja anarudi na tatizo lile lile.

Kulinyoosha, fungua mkono wa gia kwa elenki ya milimita 5. Tundu la sikio kwa kawaida lina hesi ya milimita 10, na ekseli nyingi za gurudumu la nyuma zina hesi hiyo hiyo. Chukua gurudumu jingine, ingiza ekseli yake kwenye tundu kwa mkono, ikikataa, usilazimishe. Sasa una ringi mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu. Pima nafasi kati yake juu, chini na nyuma, ukivuta taratibu mpaka zilingane. Sikio la chuma huvumilia. La aluminiamu hukatika, hivyo likiwa na ufa nunua jipya.

Hatua ya 2: skrubu ya L, ile ya kwenye mkono wa gia inayouzuia usizidi kuelekea spoku. Weka cheni kwenye gia kubwa. Zungusha pedeli huku unausukuma mkono wa gia kuelekea spoku. Cheni ikitaka kuvuka, kaza L robo mzunguko, ujaribu tena. Ikikataa kupanda gia kubwa, umezidisha, legeza kidogo.

Hatua ya 3: sahani ya plastiki nyuma ya friwili. Wengi huing'oa wakidai inaharibu sura. Mimi naiacha, hasa kwenye baiskeli ya mtoto au ya mizigo. Ila iliyopasuka kwa jua itoe, na mpya iwe pana kidogo kuliko gia kubwa.

Hatua ya 4: pitisha ukucha kwenye spoku za kulia. Ukikwama kwenye mkato, badilisha spoku hiyo. Za kulia hukazwa zaidi kuliko za kushoto, na mkato mdogo ndio mwanzo wa ufa. Kwa wa Kigamboni, kutu ya chumvi ya bahari huanzia hapo hapo. Badilisha moja moja ili ringi isipinde.

Na baiskeli ikipakiwa kwenye kirikuu, ilaze ubavu wa kushoto.