Kumsaidia mzazi mzee kuuza lupango: somo kwa familia za Lubumbashi

Mzazi anapobaki na mjukuu mmoja katika nyumba ya vyumba sita, mara nyingi ni watoto wanaoanza kuzungumza juu ya kuuza lupango, yaani kiwanja na nyumba iliyomo, na mwenye nyumba husikia habari hizo mwishoni.

Hatua ya kwanza ni kukaa naye kabla ya kumwita komisioneri (dalali wa nyumba) yeyote, mkakubaliana atalala wapi usiku ule ule funguo zitakapokabidhiwa. Jibu la "kwa watoto" halitoshi: ni kwa mtoto yupi, chumba kipi, na choo kiko mbali kiasi gani? Mama mmoja wa mtaa wa Katuba niliyemsaidia alikataa mara tatu kutia sahihi. Sote tulidhani anapinga bei, kumbe alitaka kujua kama chumba kipya kina dirisha la kutazama barabara, kwa kuwa alizoea kuwasalimu wapita njia akiwa barazani.

Hatua ya pili ni hati, na hapa msiharakishe. Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha uandikishaji kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Wazee wengi wa Kenya na Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, wametunza fishi ya lupango (karatasi ya kiwanja) kwenye sanduku wakiamini ndiyo cheti. Fishi husaidia kuonyesha ni nani anayekaa pale, lakini haichukui nafasi ya cheti. Ikiwa wazazi wote wawili wapo hai, wote wawili wakubali. Ikiwa cheti bado kina jina la marehemu baba, tengenezeni mirathi kwanza: watoto ndio warithi wa kundi la kwanza, na mjane hubaki na haki ya kutumia nyumba waliyokaa pamoja.

Hatua ya tatu ni vitu. Anzeni na stoo, si chumba cha kulala. Sufuria la bukari (ugali) la watu ishirini, lenye mpini uliofungwa waya, lina historia ya misiba na arusi zote za mtaa. Mwacheni mzee aseme mwenyewe ni nani atakayelirithi.

Mwisho ni mauzo: mkataba usainiwe mbele ya notari (ofisa anayethibitisha mikataba), dola zipitie benki katika akaunti ya mzee mwenyewe, na sehemu ya komisioneri iandikwe mapema.

Maswali ya familia

Swali: Mnunuzi anataka kulipa nusu kisha ahamie. Tukubali?
Jibu: Hapana. Akishaingia na mizigo yake, nusu iliyobaki mtaidai mkiwa nje ya lango.

Swali: Baba ameanza kusahau. Naweza kusaini kwa niaba yake?
Jibu: Akiwa bado anaelewa, akupe hati ya uwakala, ya kukuruhusu kusaini kwa niaba yake, mbele ya notari. Ikiwa haelewi tena, ndugu yangu, njia ni mahakamani. Usimshike mkono asaini.

Swali: Mama hataki kuiacha meza ya watu kumi na wawili, na chumba chake kipya ni kidogo.
Jibu: Pima chumba hicho kwa kamba, kisha uitandaze uani mbele yake, na umwekee kiti katikati akae. Mpe muda. Yule mama wa Katuba alikaa ndani ya kamba karibu saa nzima, ndipo akamtaja binti atakayepewa meza.